Kiswahili Kiingie Banini: Lugha, Jani la Tumbaku na Mkulima wa Sirisia

Katika makongamano ya Kiswahili husemwa mara kwa mara, tena kwa fahari, kwamba lugha hii inajitosheleza katika kila uwanja wa maisha. Kauli hiyo hupigiwa makofi. Hata hivyo, ni nadra kupelekwa mahali inapoweza kupimwa. Mahali pamoja pa kuipimia ni bani, yaani kijumba cha udongo au matofali ambamo majani mabichi ya tumbaku hutundikwa yapate kukauka. Mabani si mageni katika eneo la Sirisia, Kaunti ya Bungoma, hususan upande wa Malakisi, kwani kilimo cha tumbaku cha mkataba kilienea magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1970. Wapo wakulima walioiacha tumbaku na wapo wanaoendelea nayo. Kwa wote hao, swali ni moja: je, kazi hii ngumu imewahi kuelezwa kwa lugha ambayo mkulima anaweza kuitumia kuuliza, kubisha na kukataa?

Ili kulijibu swali hilo, sharti kwanza ieleweke kinachotendeka ndani ya bani. Wengi hudhani kwamba kukausha tumbaku ni kuondoa maji tu, kama vile mtu anavyoanika mahindi uani. Sivyo. Jani linapochumwa bado li hai. Katika siku za mwanzo huendelea kupumua, wanga uliomo hugeuka kuwa sukari, na ile rangi ya kijani hufifia polepole hadi jani likawa la manjano. Kwa tumbaku inayokaushwa kwa joto la mabomba, hatua hii ya kwanza huhitaji joto la chini, takriban nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi, pamoja na unyevu wa kutosha. Baada ya hapo joto hupandishwa kidogo kidogo ili jani lenyewe likauke, na mwishowe hufikishwa nyuzi 70 hivi ili uti wa jani nao ukauke. Kazi yote huchukua kama siku 5 hadi 7, na moto hauachwi uzimike usiku wala mchana. Tumbaku inayokaushwa kwa hewa kivulini, bila moto, huchukua wiki 4 hadi 8.

Hapa ndipo wahenga wanapotoa somo ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi hulijadili darasani bila kuliona kwa macho. Huambiwa kwamba haraka haraka haina baraka, kisha huambiwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Aghalabu methali hizi mbili huchukuliwa kuwa zinapingana. Banini hazipingani hata kidogo. Mkulima anayepandisha joto upesi hulikausha jani lingali kijani. Wanga hubaki ndani na jani huporomoka daraja. Naye anayechelewa, akaliacha jani katika unyevu kupita kiasi, hulikuta limeingia ukungu na kuoza. Kila methali ina saa yake, na ustadi wote wa mkaushaji umo katika kuijua saa hiyo. Huo ni ujuzi wa hali ya juu, nao umekaa mikononi mwa watu ambao hawajaalikwa katika kongamano lolote.

Ujuzi huo ndio unaoamua pato la nyumba. Tumbaku huuzwa kwa madaraja, na daraja huamuliwa kwa rangi ya jani, ukubwa wake, uzima wake na mahali lilipoota kwenye mche. Mkulima huleta marobota yake mizanini, mtu mwingine huyatazama kwa muda mfupi, kisha hutaja daraja. Ikiwa mkulima hana istilahi za kueleza kwa nini jani lake ni la daraja la juu, atabisha kwa hoja gani? Ikiwa mkataba alioutia sahihi, wenye bei za mbegu, mbolea na dawa atakazokatwa baadaye, umeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hakielewi, atajuaje kwamba alichokatwa ni halali? Kutojua maneno, kwa mkulima huyu, ni hasara inayohesabika kwa shilingi.

Yamkini msomaji atasema kwamba watu wa Sirisia wana lugha zao, na kwamba ujuzi wa banini hufunzwa vyema kwa Kibukusu. Ni kweli, na hakuna anayetaka Kibukusu kinyamazishwe. Lakini Sirisia na jirani zake si eneo la lugha moja. Wabukusu huishi karibu na Wasabaoti wa miteremko ya Mlima Elgon na Wateso wa upande wa Malakisi, na ng'ambo ya Lwakhakha iko Uganda. Katika soko la Chwele, watu wa lugha hizo zote huuza na kununua, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Vilevile, afisa anayekuja kununua jani au kutoa ushauri huenda hajui hata neno moja la Kibukusu. Lugha ya nyumbani humtosha mkulima akiwa na jamaa zake. Anapokutana na mgeni mwenye mizani anahitaji lugha ambayo wote wawili wanaimiliki kwa kiwango sawa.

La kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazohitajika zipo tayari, ila hazijavuka mpaka. Tanzania imekuwa ikilima tumbaku kwa miongo mingi. Kule Songea, chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kama NGOMAT, kiliundwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku inayokaushwa kwa moshi. Tabora nayo, hasa Urambo, ikawa maarufu kwa tumbaku ya Virginia. Katika mazingira hayo Kiswahili hakikuwa na budi kufanya kazi. Ndiyo maana leo Mtanzania husema kwa wepesi tumbaku ya mvuke, tumbaku ya moshi na tumbaku ya hewa. Husema bani na mabani, vitalu na miche, pembejeo, madaraja na marobota, vyama vya msingi na masoko. Maneno hayo hayakutungwa na kamati kisha yakashushwa kwa wakulima. Yalizaliwa katika kazi, yakakomaa mnadani, ndipo yakaingia katika nyaraka za serikali.

Haimaanishi kwamba istilahi hizo zipokewe bila kuchunguzwa. Chukua mfano wa tumbaku ya mvuke. Msikilizaji asiyeijua kazi anaweza kudhani kwamba jani hupikwa kwa mvuke wa maji, ilhali ukweli ni kwamba moto hukokwa nje, joto hupita katika mabomba yaliyotandazwa ndani ya bani, na moshi hutolewa nje bila kuligusa jani. Kwa kipimo cha uwazi, istilahi hiyo ina kasoro. Kwa kipimo cha mazoea, imekwisha kukubalika na maelfu ya wazungumzaji. Huu ni mjadala halisi wa uundaji istilahi, na una uzito kuliko mifano iliyochakaa ya ngamizi na tarakilishi inayorudiwa katika kila tasnifu.

Zipo pia hatua za kazi ambazo zinangoja majina yaliyo dhahiri. Ile hatua ya kwanza, jani linapogeuka manjano kwa joto la chini, yafaa iitwe kuvundika. Kila mtu wa Bungoma anajua maana ya kuvundika ndizi: kuzifunika mahali penye joto hadi ziive, bila kuziacha zivunde. Mantiki ya kazi hizo mbili ni moja, na neno lenyewe limebeba onyo lake ndani, kwani kati ya kuvundika na kuvunda pana hatua fupi. Baada ya kuvundika huja kukausha jani, kisha kukausha uti, kisha kulainisha, yaani kuliacha jani lirudishe unyevu kidogo lisije likavunjika wakati wa kuchambuliwa. Istilahi nne tu, zote za Kiswahili cha kawaida, zinatosha kuandika mwongozo ambao mkulima anaweza kumsomea mwanawe.

Fauka ya hayo, liko suala la haki. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inataka maonyo ya afya katika pakiti za sigara yaandikwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Bunge lilitambua kwamba mvutaji ana haki ya kuonywa kwa lugha ya taifa. Jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini mvutaji hukutana na tumbaku mwishoni mwa safari yake. Mkulima hukutana nayo mwanzoni. Majani mabichi yenye umande humpenyezea mvunaji nikotini kupitia ngozi, akapatwa na kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Akina mama na watoto wanaoyabeba hawakusalimika. Maradhi hayo yana jina katika Kiingereza. Katika Kiswahili hayana jina lililoenea, na ugonjwa usio na jina hauripotiwi zahanatini. Huitwa uchovu, au malaria, au husemwa ni jua kali. Yafaa uitwe ugonjwa wa tumbaku mbichi, na jina hilo litangazwe pamoja na kinga zake: glavu, mavazi marefu, na kutovuna majani yakiwa yameloa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ikiwa pakiti ya sigara imenufaika na Kiswahili, seuze mtu aliyelilima jani?

Wapo watakaouliza, tena kwa haki, kwa nini wasomi wajitaabishe kulipamba zao linaloua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Kuni za kukaushia jani humaliza miti, na mahali palipopandwa tumbaku pangeweza kupandwa chakula. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Lakini iangaliwe vizuri, kwa maana inaelekea upande ule ule. Kenya ilitia sahihi na kuridhia Mkataba wa Mfumo wa Kudhibiti Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2004, na Kifungu cha 17 cha mkataba huo kinazitaka nchi zisaidie kutafutwa njia mbadala za riziki kwa wakulima wa tumbaku. Mwaka 2022, mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku ulizinduliwa katika Kaunti ya Migori, ambako wakulima walihimizwa kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Mkulima wa Sirisia atawezaje kuamua kuhama ikiwa hawezi kupiga hesabu ya mahali alipo? Ni lazima ajue gharama ya kuni, usiku aliokesha, makato ya mkataba na daraja alilopewa, ndipo azilinganishe na bei ya maharagwe, vitunguu au ndizi huko Chwele. Lugha inayomwezesha kukausha vizuri ndiyo hiyo hiyo itakayomwezesha kuacha kwa hiari na kwa hesabu. Asiyeelewa mkataba wake hawezi kuutekeleza vyema wala kuuvunja kwa usalama.

Basi wajibu wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili uko wazi. Kwanza, wanafunzi wanaotoka Bungoma, Busia, Migori na kwingineko kunakolimwa tumbaku watumie likizo zao kukusanya maneno ya kazi hii, yakiwemo yale ya Kibukusu, Kisabaoti, Kiteso na Kijaluo, kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka nayo. Pili, wahadhiri wakubali faharasa ya istilahi za kilimo kuwa mada halali ya tasnifu, sawa na uhakiki wa riwaya. Vyuo vikuu vya Kibabii na Masinde Muliro viko karibu na mabani hayo kuliko chuo chochote cha Nairobi. Tatu, sheria irekebishwe ili mkataba wowote wa kilimo utolewe pia kwa Kiswahili kabla ya mkulima kutia sahihi. Hili la mwisho haliwezi kutimizwa na wanaisimu peke yao, lakini bila wanaisimu haliwezi kuanza, kwa kuwa mkataba hauwezi kutafsiriwa kwa istilahi ambazo hazijakusanywa.

Tangu mwaka 2022, tarehe 7 Julai huadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni siku njema, yenye mashairi, ngoma na hotuba. Lakini usiku wa kuamkia siku kama hiyo, katika msimu wa kukausha, huenda yuko mama upande wa Malakisi anayeketi mbele ya tanuri akisogeza kuni, akilisikiliza joto kwa ngozi yake, akiogopa kusinzia. Anajua saa ya kungoja na saa ya kuharakisha. Anachokosa ni karatasi inayosema naye kwa lugha anayoielewa. Siku karatasi hiyo itakapomfikia, kauli ya kwamba Kiswahili kinajitosheleza itakuwa imestahili makofi yake.