Mhariri, Picha Halisi Iko Wapi?

Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Kwa hiyo nikianza kurusha mawe, jueni kwamba la kwanza limenipata mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Masika ya mwaka 2024, Dar es Salaam ilipogeuka bwawa kama kawaida yake, nilitumwa bonde la Msimbazi kupiga picha. Nilipiga nyingi. Moja ilizidi zote: watu watatu wamebeba godoro kichwani, maji yamewafika kiunoni, na pembeni kabisa, upande wa kulia, ukuta mpya wa matofali umekaa juu ya mtaro. Nikarudi ofisini nimelowa chapachapa. Msanifu kurasa akaniambia nafasi iliyobaki ni ya wima, safu mbili tu. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaukata ukuta, nikaongeza mwanga kidogo, nikahifadhi. Jina la faili lilelile, folda ileile. Kesho yake picha ikatoka, nikasifiwa, nikanunuliwa na soda. Jioni nikafuta memori kadi yote maana kulikuwa na mechi kwa Mkapa na nilihitaji nafasi.

Miezi kadhaa baadaye mama mmoja wa mtaa ule akanifuata ofisini. Baada ya shikamoo na marahaba akaenda moja kwa moja kwenye shida yake: "Mwanangu, ile picha ya gazetini ni nusu. Mimi nilikuwepo, nilikuona unapiga. Tunaitaka nzima, ile yenye ukuta."

Kumbe majirani walikuwa na mgogoro. Wao wanasema ukuta ule ndio ulioziba mtaro na maji yakaingia majumbani. Mwenye ukuta anasema aliujenga baada ya mvua. Kikao cha serikali ya mtaa kilikuwa wiki ileile. Picha yangu ingeumaliza ubishi kwa dakika moja: ukuta huu hapa, maji haya hapa, na tarehe imo ndani ya faili.

Nilitafuta siku mbili. Nikaikuta picha iliyokatwa mara tano: kwenye kompyuta yangu, kwenye ya msanifu, kwenye flashi ya mtu, na mara mbili kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Ile nzima, hakuna. Nilipompigia simu yule mama kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, mwanangu. Kumbe na nyinyi mnatupa."

Ndiyo, mama. Tunatupa. Na ndilo ninalotaka kulisema leo hadharani: sisi waandishi na wapiga picha wa kizazi hiki tunatupa ushahidi kila siku, kisha tunaita uzembe huo kasi ya kazi.

Hebu tuelewane kwanza. Sina ugomvi na kuhariri picha. Kukata, kuongeza mwanga, kunyoosha upeo, hizo ni kazi halali. Ugomvi wangu ni na kuhariri JUU ya picha halisi, au kuhariri vizuri halafu usijue halisi uliiweka wapi. Matokeo ni yaleyale. Ukikata picha unakuwa umeamua nini ni habari na nini si habari, na uamuzi huo unaufanya saa kumi na moja jioni, mtambo unasubiri, kwa kufuata umbo la nafasi iliyobaki ukurasani. Mimi niliamua ukuta si habari. Miezi michache baadaye ukuta ndio ukawa habari yote.

Mnadhani ni mambo ya magazeti yetu ya uswahilini tu? Kumbukeni Davos, Januari 2020. Mwanaharakati wa Uganda, Vanessa Nakate, alisimama kupigwa picha pamoja na Greta Thunberg na wasichana wengine watatu wa Ulaya. Alikuwa mwisho kabisa, kushoto. Shirika la habari la AP likasambaza picha ambayo yeye hayumo! Wamebaki wanne, wote weupe. Nakate akauliza hadharani kwa nini ameondolewa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba lile jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Dunia ikawaka, AP ikaomba radhi na kuitoa picha yenye watu wote watano.

Wengi walibishana kuhusu ubaguzi, na walikuwa na haki ya kubishana. Mimi naomba mtazame jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana. Picha nzima ILIKUWEPO. Mtu aliyekatwa alirudishwa kwa sababu kulikuwa na faili la kumrudisha. Sasa nijibuni kwa uaminifu: kama Nakate angekatwa kwenye chumba cha habari ninachokijua mimi, angerudishwa na nini? Na picha ya WhatsApp?

Tena tuizungumze hiyo WhatsApp, maana siku hizi ndiyo maktaba yetu. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ukubwa, na taarifa zilizomo ndani ya faili, yaani saa, tarehe, aina ya kamera, zinaondolewa. Kwenye simu nyingi inapewa na jina jipya, mfano IMG-20240425-WA0007. Unaona tarehe hapo, unafurahi. Usifurahi! Hiyo ni tarehe ya faili kupita WhatsApp. Picha ya mwaka 2019 ukitumiwa leo inakuja na tarehe ya leo. Hapo ndipo picha za mafuriko ya zamani zinapofufuka kila masika na kuitwa za jana, na sisi tunaozisambaza hatuna cha kulinganisha nacho.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kizungu, ya mashindano makubwa. Sawa, twende kwenye mashindano makubwa. Mwaka 2010 World Press Photo walimnyang'anya zawadi Stepan Rudik wa Ukraine. Walimwomba faili ghafi kutoka kwenye kamera, wakalinganisha, wakakuta ameondoa kipande cha mguu wa mtu kilichotokeza nyuma ya mkono. Mwaka 2013 Paul Hansen wa Sweden, mshindi kwa picha ya mazishi ya watoto Gaza, alituhumiwa kwamba picha yake imeunganishwa kutoka picha kadhaa. Wataalamu wakalipima faili ghafi, wakakuta haikuunganishwa. Akabaki na ushindi wake.

Mmeona? Faili la aina ileile lilimtia hatiani mmoja na kumsafisha mwingine. Mpiga picha mkweli ndiye anayelihitaji zaidi. Siku hizi ambapo kompyuta inaweza kutengeneza picha ya tukio ambalo halijawahi kutokea, mkubwa yeyote akibanwa atasema, "Hiyo imetengenezwa." Utamjibu na nini kama ulichobaki nacho ni nakala iliyokatwa?

Hata sheria yetu inauliza swali hilohilo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inapima uzito wa ushahidi wa kielektroniki kwa kutazama ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na namna ukamilifu wake ulivyolindwa. Ulivyohifadhiwa! Haijasema ulivyopendeza.

Wazee wetu hawakuwa na tabu hii. Enzi za filamu ulikuwa unapeleka studio, wanasafisha picha, unarudishiwa na negativu. Ungeweza kuikata picha vipande ishirini, negativu ikabaki kama ilivyo. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa karibu na Komoro, lakini hazina ya picha zake haikuzikwa naye. Imetunzwa, inafunguliwa, inatazamwa upya. Sisi tuna kamera bora kuliko zake zote, na hatuwezi kupata picha ya mwezi uliopita.

Najua utetezi, nimeusikia wote.

Wa kwanza: "Nafasi hakuna." Haya, tupige hesabu. Chukua picha ya JPEG ya megabaiti 8. Piga 300 kwa siku, ambazo ni nyingi. Hizo ni gigabaiti 2.4. Fanya kazi siku 250 kwa mwaka, unapata gigabaiti 600. Diski moja ya terabaiti 1 kwa mpiga picha mmoja inatosha mwaka mzima na inabaki nafasi. Ofisi inayonunua maji ya chupa kwa kila kikao haiwezi kuniambia diski mbili kwa mwaka zinaifilisi.

Wa pili: "Muda hakuna." Kutafuta siku mbili bila kupata ndiko kunakokula muda.

Wa tatu ni wa maana, na ninauheshimu: "Picha halisi ni hatari." Kweli. Tunaficha sura ya mtoto aliyebakwa au ya mtu aliyetuamini akatoa siri, na halisi ikivuja tumemuua. Lakini jibu lake ni kuifungia kwa nywila, wajue watu wawili tu. Kama hatari ni kubwa mno, kaeni na mhariri mkaamue kuifuta, mkijua mnachofanya na kwa nini. Mimi ukuta wangu sikuufuta kumlinda mtu yeyote. Niliufuta kwa mazoea.

Sasa nisilalamike tu. Baada ya aibu ile nilijiwekea taratibu, na zinafanya kazi hata kwenye kompyuta mbovu.

Kwanza, kabla ya kufungua picha hata moja, nakili kadi nzima kwenye folda yenye tarehe na mahali: 2024-04-25_Msimbazi. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange yenyewe. Ndani yake weka folda mbili, HALISI na HARIRI. Faili za HALISI zifunge zisomwe tu, zisiandikwe. Kwenye Windows ni kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuweka tiki moja.

Pili, badili majina mapema. Kamera nyingi huhesabu hadi 9999 kisha huanza upya, kwa hiyo mwisho wa siku utakuwa na DSC_0412 tatu za miaka tofauti. Weka tarehe mbele: 20240425_0412. Iliyohaririwa ibaki na namba ILEILE, uongeze herufi tu: 20240425_0412_H1, kisha H2. Usiite "final", wala "final mpya", wala "final ya mwisho kabisa". Ukiona H2 imechapishwa, unajua mama yake ni nani na analala wapi.

Tatu, andika maelezo ya picha ndani ya faili, kwenye sehemu ya IPTC, kabla ya kuanza kuhariri. Nani, wapi, lini. Nakala zinazotokana nalo kwa kawaida zitayabeba maelezo hayo, na mwaka kesho utaandika "Msimbazi" kwenye kisanduku cha kutafutia na zote zitakuja, halisi na zilizohaririwa.

Nne, tumia programu isiyogusa halisi. Lightroom huandika mabadiliko yako pembeni, faili lenyewe haliguswi. Huna hela? digiKam na darktable ni za bure. Nakala mpya unaitoa pale tu unapoitaka.

Tano, usifute kadi mpaka umeziona picha kwa macho yako sehemu mbili, na moja ya sehemu hizo iwe nje ya ofisi. Moto na mwizi havichagui chumba.

Hiyo ndiyo yote. Dakika kumi kwa siku.

Kwa wahariri wangu, nasema haya kwa heshima zote. Acheni kuuliza tu "picha nzuri iko wapi?" Kila picha inapoingia ukurasani, ulizeni na "halisi iko wapi?" Kama hakuna wa kujibu, picha isichapishwe. Mkifanya hivyo wiki mbili tu, mtaona jinsi folda zitakavyojipanga zenyewe.

Na wewe msomaji usiye mwandishi, usicheke. Picha ya kiwanja chako kabla jirani hajasogeza uzio, picha ya gari lako kabla ya fundi, picha ya marehemu bibi akiwa na watu ambao "ulimkata nao" ili aingie kwenye kadi ya arobaini. Ziko wapi nzima?

Kikao cha serikali ya mtaa kilifanyika bila picha yangu. Kila upande ulileta mashahidi wake, ikawa neno kwa neno, na ukuta bado umesimama. Masika ijayo nitarudi pale, nitapiga tena, na safari hii yule mama atapata nakala ya picha nzima siku hiyohiyo, kabla sijafika ofisini.

Naomba kuwasilisha.