Mkasi Ulionyamazisha Zimwi

Katika vibanda vya video vya mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, vijana wetu wamelitazama kwa miaka mingi zimwi la Kijapani liitwalo Godzilla. Mwulize mmoja wao zimwi hilo limetoka wapi na lina ghadhabu gani. Atakujibu kwamba ni mjusi mkubwa anayebomoa majumba, basi. Kosa si la kijana. Ni la mkasi.

Senema ya kwanza ya zimwi hilo, Gojira, iliyoongozwa na Ishirō Honda, ilitolewa Japani mwezi Novemba 1954. Tarehe 1 Machi mwaka huo Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni huko Bikini, na majivu ya sumu yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa wakitafuta riziki baharini. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba. Ndiyo maana senema inaanza kwa meli kuteketea katika mwanga mkali. Ndani ya treni mwanamke anakumbuka alivyonusurika Nagasaki. Na mwishoni mwanasayansi mzee anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, zimwi jingine litazuka.

Mwaka 1956 wafanyabiashara wa Marekani waliikata na kuiunga upya. Walimchomeka mwigizaji Raymond Burr, awe mwandishi wa habari wa kwao anayeusimulia msiba wa Tokyo kana kwamba ni wake. Dakika 96 zikawa 80, sura za Burr zikiwemo. Mwanamke wa Nagasaki akaondolewa. Onyo la mzee likaondolewa, na mahali pake mgeni akatutuliza kwamba dunia sasa yaweza kuishi tena. Bomu lilitajwa, ni kweli. Lakini mshtaki alikatwa ulimi.

Wako watakaosema hiyo ni biashara tu. Je, na hii ya pili? Katika senema ya Kijapani ya mwaka 1984, ofisa wa Kirusi aliyejeruhiwa anajikokota kulizuia kombora la nyuklia, akafa kabla hajafaulu. Katika toleo la Kimarekani la mwaka 1985, ofisa huyo huyo analirusha kwa makusudi. Mtu mwema aligeuzwa muuaji, naye mtazamaji asijue.

Watasema pia kwamba hata wafasiri wetu wa kanda, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walizitia senema za kigeni maneno yao. Naam, lakini sauti yao ilisikika waziwazi, na kila mtazamaji alijua ni nani anayesema. Kilichokatwa hakisikiki. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na aliyekula hasemi alichokula.

Sisi wa Uluguru si wageni wa mkasi huo. Mwezi Julai 1955, wakulima wa Matombo waligoma kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na mpango wa kikoloni. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Wakoloni waliiita ghasia, wakawatupia lawama wachochezi. Walichokikata ni sababu: kazi ya shuruti, na matuta yaliyofukua udongo usio na rutuba na kuufukia ule wenye kuzaa. Ukiiondoa sababu hiyo, mkulima mwenye haki anabaki kuwa zimwi lenye kelele.

Ndugu walimu, na ninyi ndugu watumishi wa umma mnaosimamia elimu na utamaduni, senema ya Honda inapatikana leo ikiwa kamili. Waonyesheni wanafunzi matoleo yote mawili, kisha waulizeni: nini kimeondolewa, na ni nani aliyenufaika? Halafu wapelekeni Matombo, wakawaulize wazee swali hilo hilo kabla wazee hao hawajatutoka. Taifa lisiloifundisha jamii yake kuuliza sababu litaendelea kutazama historia yake kama mjusi mkubwa anayebomoa majumba.