Zima kitufe cha Sync, fungua sanduku la babu

Haya wasomaji wangu, leo tuiweke misimbo kando kidogo. Nina jambo linanikera, na nisipolisema hapa nitalisemea wapi?

Juzi kijana wa jirani hapa Bondeni alinijia na kompyuta yake ya kupakata. "Kaka, niwekee programu ya DJ. Nyimbo ninazo, elfu saba kwenye diski." Nikamuuliza: katika hizo elfu saba, ngapi unazijua tangu mwanzo hadi mwisho? Akacheka. Nikamuuliza tena: na lile sanduku la santuri la babu yako? "Aa, zile takataka? Ziko nje, kwenye kibanda cha mabati."

Twende tukaone. Santuri ndogo za mizunguko 45, kama hamsini hivi. Shirati Jazz, Les Wanyika, Joseph Kamaru. Nne zilikuwa zimepindwa na joto mpaka zikawa kama bakuli za uji.

Basi nasema hivi, na atakayekasirika na akasirike: kwa kijana wa Nakuru anayetaka kuwa DJ, lile sanduku lina thamani kuliko diski nzima. Tena nasema hivyo nikiwa mtu ninayekula kwa kuandika programu.

Kwanza, hicho kitufe cha Sync. Mnajua kinavyofanya kazi? Programu inahesabu mapigo kwa dakika, inachora gridi ya mistari juu ya wimbo, halafu inalinganisha gridi mbili. Kwa muziki uliotengenezwa na mashine, ni sawa kabisa. Sasa ipe benga ya miaka ya 1970. Mpiga ngoma ni binadamu, hana mashine ya kumhesabia. Gitaa likichacha, bendi nzima inaongeza mwendo. Gridi inaachwa nyuma na mchanganyiko wako unageuka kelele za sufuria. Ndiyo, gridi inaweza kurekebishwa kwa mkono, lakini anayerekebisha anahitaji sikio. Sikio utalipata wapi kama kitufe kimekufanyia kazi tangu siku ya kwanza? Ni kama kujifunza programu kwa kunakili tu: siku ikikataa, hujui pa kuanzia.

Pili, santuri ya 45 hubeba dakika chache tu kila upande. Nyimbo za bendi zetu zilikuwa ndefu, hivyo mara nyingi ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Na utamu wa gitaa mara nyingi uko huko B! Kwenye diski ya yule kijana tulikuta wimbo mmoja umekatika katikati. Aliyeunakili hakugeuza santuri. Kijana alidhani ndio mwisho wake.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri. Kanda za kaseti za wizi zikaua biashara, kiwanda kikafungwa. Ziko nyimbo za bendi ndogo ambazo huenda nakala iliyobaki ni ile iliyo chini ya kitanda cha mzee fulani. Sisi watu wa kompyuta tunajua: kitu chenye nakala moja tu ni msiba unaosubiri siku yake.

Najua mtaniambia santuri ni mambo ya matajiri. Wapi! Nani kakwambia uanze na Technics SL-1200? Ile mashine ya mwaka 1972 ni nzuri, lakini sio mlango wa kuingilia. Anza hivi:

1. Tafuta gramafoni moja ya mtumba yenye uzito wa kurekebisha nyuma ya mkono na sindano inayobadilishwa. Kimbia zile za bei rahisi za kisanduku. Nyingi zina sindano nzito inayochimba santuri.

2. Hakikisha amplifaya ina tundu la fono. Umeme wa sindano ni milivolti chache tu, tena besi hupunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri. Ukichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta utasikia mbu.

3. Futa vumbi kwa kitambaa laini kufuata mifereji. Zisimamishe kama vitabu, mbali na mabati.

4. Chagua 20. Sikiliza pande zote 40 mpaka ujue kila gitaa linapoingia.

5. Rekodi kila upande kwa Audacity, ambayo ni ya bure, katika WAV au FLAC. Piga picha lebo, andika jina la bendi na namba ya santuri. Weka nakala mahali pawili.

6. Hapo ndipo uweke Mixxx, nayo ya bure. Iko santuri maalumu yenye mlio wa alama: programu inausikiliza na kujua sahani inakwenda kasi gani, mbele au nyuma. Unaongoza nakala ya dijitali kwa mkono wako, huku santuri ya babu imepumzika.

Mnaona? Sijaikataa kompyuta. Nimeipa kazi yake: kutunza na kutii. Kusikiliza ni kazi yako.

Nakuru imekuwa jiji tangu 2021. Vijana wetu wanapiga nyimbo zilezile zinazopigwa kila mji, kwa mpangilio uleule, halafu wanashangaa kwa nini hawakumbukwi. Utakumbukwaje kwa kitu ambacho kila mtu anacho?

Kijana bado anabisha, anasema mimi ni mzee kabla ya siku zangu. Sawa tu. Lakini sanduku sasa liko ndani ya nyumba, na jana jioni nilisikia kupitia ukutani upande B ukianza.

Na wewe unayesoma: la kwenu liko wapi? Nenda kaulize leo, kabla jua la mchana halijawaka.