Mwalimu wa Fizikia Naye Afunzwe Kiswahili

Imezoeleka katika vyuo vyetu kudhani kwamba Kiswahili ni mzigo wa mwalimu wa Kiswahili peke yake. Anayesomea kufundisha fizikia katika shule za upili, aghalabu pamoja na hisabati au kemia, hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa maoni yangu, maandalizi hayo yana pengo, na pengo lenyewe ni la lugha.

Tuitazame mitaa ya mashariki mwa Nairobi: Kayole, Dandora, Umoja, Kariobangi, Jericho. Watafiti wengi huitaja sehemu hii kuwa chimbuko la Sheng. Mwalimu mwanagenzi anayepelekwa huko kwa mazoezi ya kufundisha huanza somo kwa Kiingereza. Akiona wanafunzi wameduwaa, hukimbilia Kiswahili. Hiyo ni busara, wala simlaumu. Tatizo ni kwamba Kiswahili anachokikimbilia ni kile cha sokoni, ambacho hakipambanui dhana za kisayansi.

Chukua mfano wa mkokoteni wa Gikomba. Anayeusukuma husemwa kuwa anatumia nguvu. Akichoka, nguvu zimemwishia. Mwenzake akifikisha mzigo kama huo upesi zaidi, ndiye mwenye nguvu. Kwa mwanafizikia, hayo ni mambo matatu: kwanza kani, ipimwayo kwa nyutoni; pili nishati, ipimwayo kwa jouli; tatu kasi ya kuitumia nishati hiyo, ipimwayo kwa wati. Vivyo hivyo, kilo za gunia la viazi ambazo sokoni huitwa uzito ni tungamo. Uzito ni kani ya dunia inayolivuta gunia hilo. Mwanafunzi aliyeelezwa dhana hizi kwa neno moja huingia katika chumba cha mtihani akiwa amezichanganya. Akianguka, huamini kwamba akili yake haifai kwa fizikia, akaiacha, na njia ya uhandisi ikamfungikia.

Istilahi si haba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hapa Kenya, mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998 uliwahimiza walimu wa sayansi kubuni vifaa vya majaribio kutokana na vitu vinavyopatikana karibu nao. Je, kipo kilicho karibu na mwanafunzi kuliko lugha aizungumzayo?

Yamkini wapo watakaosema kwamba mtihani wa KCSE wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, nami sidai ubadilishwe. Ninachopendekeza ni kozi moja ya istilahi za sayansi kwa kila mwalimu mwanagenzi, ili anapofafanua kwa Kiswahili afafanue sawasawa, kisha amrejeshe mwanafunzi kwenye Kiingereza cha mtihani akiwa ameelewa. Msingi upo, kwani tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusijifungie katika uhakiki wa riwaya na ushairi pekee. Wenzetu wa fizikia wako jengo la pili tu. Tuwapelekee kamusi hiyo kabla hawajatumwa Kayole.