Uzi na Miguu

Siku moja niliwapa wanafunzi wangu ramani ya Dar es Salaam na kipande cha uzi, nikawaambia wapime umbali toka Magomeni hata Hospitali ya Muhimbili. Wakaunyosha uzi, wakahesabu, wakasema, "Bwana Mwalimu, ni karibu kabisa." Nikawauliza, "Uzi wenu umepita wapi?" Wakatazama tena, wakaona kwamba umepita katikati ya bonde la mto Msimbazi.

Wakati wa kiangazi mtu wa Magomeni hushika Barabara ya Morogoro, akavuka Jangwani, akafika upesi. Lakini mvua kubwa zikinyesha mto hufurika, na mara nyingi barabara hufungwa pale pale Jangwani. Hapo mgonjwa hana budi kuzunguka, pengine kwa Daraja la Salander karibu na bahari, pamoja na magari yote yaliyokimbilia njia ile ile. Hospitali haikuhama, wala yeye hakuhama. Lakini kwa mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku ule, Muhimbili i mbali sana.

Kwa hiyo mimi nasema kwamba anayepima mji kwa uzi hujidanganya. Imekuwa desturi kuchora duara ya kilomita 5 kuizunguka zahanati, na kuandika kwamba wote waliomo wana tiba karibu. Kilomita 5 ni mwendo wa saa moja kwa kijana mwenye afya. Je, kwa bibi kizee mwenye fimbo? Kwa kipofu? Kwa baba aliyebeba mtoto mwenye homa mgongoni?

Wanaopima maji wamekuwa na busara zaidi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF huhesabu dakika: kwenda kisimani, kungoja zamu, na kurudi, zote pamoja zisizidi 30. Tazama, hata kungoja zamu kumehesabiwa! Aliyekitunga kipimo kile, nadhani aliwahi kubeba ndoo mwenyewe.

Na makimbilio je? Desemba 2011 mafuriko yaliingia katika bonde la Msimbazi, na watu zaidi ya 40 wakafa mjini. Waliookoka wengine walilala katika majengo ya shule. Baadaye Serikali ikawapa wengi viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji, ambako maji ya Msimbazi hayafiki. Kwa mwenye kuogopa maji tu, palikuwa mahali pema. Lakini mtu aliyezoea kwenda Kariakoo kwa miguu kuuza vitu vyake, sasa alihitaji nauli ya kwenda na ya kurudi kila siku, kabla hajapata hata senti ya unga. Baadhi wakarudi bondeni. Watu wakawaita wakaidi. Mimi siwezi kuwaita hivyo. Walipima kwa miguu yao na mifuko yao, wakaona kwamba kimbilio lile liko mbali na chakula.

Najua wako watakaosema, "Kupima si kujenga; fedha za wapimaji zingenunua dawa." Neno hili lina ukweli kidogo, maana nimeona makaratasi mengi yasiyozaa hata tofali moja. Lakini zahanati iliyojengwa ng'ambo ya mto usio na daraja, nayo imekula fedha, na upande wa huku wagonjwa wangali wanangoja. Afadhali kumtuma mtu aitembee njia kwanza, na saa mkononi, mchana na usiku, kiangazi na masika, naye awaulize wenyeji wapi hupita na wapi huogopa kupita.

Wanafunzi wangu waliposikia hayo walitaka kupima upya, safari hii kwa kutembea. Mmoja akauliza kama yafaa kwenda siku ile ile au kungoja mvua. Nikamwambia tutakwenda mara mbili.