Aliyemfundisha Mmisionari Naye Atajwe

Katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki huonekana vijana wakitembea wawili wawili, wamevaa mashati meupe na tai, kila mmoja na kibao cha jina kifuani. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Kanisa hilo lilitambuliwa rasmi nchini Tanzania mwaka 1992. Kijana wa kiume huitumikia kazi hiyo kwa miaka miwili, na msichana kwa miezi 18. Nchi ya kwenda hachagui, hupangiwa. Mshahara hapati, gharama hutoka katika akiba yake na kwa jamaa zake. Huamka alfajiri, husoma, hujifunza lugha, kisha hutoka kwenda kwa watu, wala haruhusiwi kutembea bila mwenzake. Kwa miaka mingi alizungumza na wazazi wake kwa simu mara mbili tu kwa mwaka. Tangu 2019 amekubaliwa kufanya hivyo kila wiki.

Wako wanaomwona kijana huyo kuwa shujaa, na wako wanaomtazama kwa wasiwasi. Rai zote mbili zina kasoro moja: zinamtazama mgeni peke yake. Mwenyeji anayemfungulia mlango, anayemsahihisha matamshi na kumwonyesha njia ya mkato mvua inapokuja, hasemwi kabisa. Wilaya ya Rungwe ina historia ya kutosha kuirekebisha kasoro hiyo.

Mwaka 1891, kabla boma la Wajerumani halijajengwa Tukuyu, wanaume wanne wa Kanisa la Moravian walitoka Ujerumani kuja Unyakyusa: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Walisafiri kwa bahari, kisha kwa mito ya Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa. Martin alifariki mwaka ule ule wa kuwasili. Waliobaki walijenga chini ya Mlima Rungwe, huku wenzao wa Misheni ya Berlin wakishika upande wa mashariki.

Maisha yao ya kila siku yalikuwaje? Mahubiri yalikuwa sehemu ndogo ya siku. Mvua ya Tukuyu, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, haimngoji mtu amalize sala. Ilibidi kukata miti, kuezeka, kulima bustani na kuuguza homa. Juu ya hayo yote ilibidi kujifunza Kinyakyusa, lugha ambayo wao hawakuwa na kamusi yake wala kitabu chake cha sarufi. Shule yao ilikuwa midomo ya wenyeji. Mtoto aliyechekea kosa la mgeni na kulisahihisha alikuwa mwalimu. Vivyo hivyo mama aliyetaja jina la kila aina ya ndizi, na mzee aliyeeleza tofauti ya salamu ya mkwe na salamu ya rika. Mwaka 1899 mmisionari wa Berlin, Carl Schumann, alichapisha sarufi ya lugha hiyo, ambayo Wajerumani waliiita Kikonde. Jalada lilibeba jina moja. Walimu wa mwenye jina hilo walikuwa kijiji kizima.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kijana wa kuishi mbali na nyumba ya baba yake hakuwa kitu kigeni kwa Wanyakyusa. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti wao huko katika miaka ya 1930, walieleza kwa kirefu utaratibu wa vijiji vya rika. Mvulana alipofikia umri wa miaka kama 10 alitoka kwa wazazi wake akaenda kulala katika kijiji alichokijenga pamoja na marika wake. Aliendelea kulima shamba la baba yake, na kwa chakula vijana hao walizunguka kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kujenga, kuvumiliana na mwenzako, kula kwa adabu kwa mama asiyekuzaa: hayo Mnyakyusa aliyajua tangu utotoni. Mgeni alidhani amekuja katika nchi isiyo na shule, kumbe aliingia katikati ya darasa.

Baadhi ya wageni walilitambua jambo hilo. Traugott Bachmann, aliyefika mwaka 1892 na baadaye kufanya kazi kwa Wanyiha huko Mbozi, alianza kwa ukali wa mtu anayedhani kila desturi ya wenyeji ni kosa. Miaka ilimfundisha vingine. Katika kumbukumbu za maisha yake aliandika waziwazi jinsi Waafrika walivyombadilisha.

Kipimo halisi kilikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka nchi hiyo, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Nyasaland walisaidia usimamizi, lakini walikuwa wachache na makao yao yalikuwa mbali. Basi ni nani aliyefundisha watoto kusoma, aliyezika wafu na kuwafariji wajane katika miaka hiyo? Ni walimu na wainjilisti wa vijijini. Mikusanyiko ya Wakristo haikufa. Nyumba ambayo mwashi wake ameondoka na paa halikuanguka, lazima iwe na nguzo zake yenyewe.

Hapana shaka kwamba wamisionari wale walileta shule na dawa. Hapana shaka vile vile kwamba walifanya kazi chini ya bendera ya ukoloni, na kwamba wengi wao walizidharau mila wasizozielewa. Historia ya haki huyasema yote mawili. Lakini hata historia hiyo haitakamilika ikiwa imeandikwa kwa barua na shajara za wageni peke yake. Mgeni alikuwa na karatasi, wino, na ndugu Ulaya waliosubiri habari zake. Aliyembebea mzigo kutoka ziwani hakuwa na lolote kati ya hayo, na ndiyo maana mmoja anakumbukwa kwa jina na mwingine huitwa tu "mpagazi".

Kutokana na hayo, mambo mawili yanastahili kutiliwa mkazo. La kwanza ni la leo. Katiba inampa kila mtu uhuru wa dini, na kijana mgeni anayekuja kwa amani anastahili kupokewa kwa heshima. Heshima hiyo lazima iende pande zote mbili. Mmormoni hanywi chai wala kahawa. Akifika Rungwe, wilaya inayoishi kwa mazao hayo, mwenyeji mwema atampa maziwa au ndizi bila kinyongo. Naye mgeni aijue lugha, aijue salamu, asikilize kabla ya kufundisha.

La pili haliwezi kungoja. Wajukuu wa wale walimu na wainjilisti wa miaka ya vita sasa ni wazee, na kila msiba unaotokea Rungwe huenda na majina ambayo hayakuandikwa popote. Shule za sekondari, sharika na mabaraza ya wazee yangeweza kuianza kazi hiyo bila kusubiri fedha ya mtu: daftari, kalamu, na mwanafunzi aliyetumwa kwa babu yake akamwulize ni nani aliyewafundisha wageni kusema Kinyakyusa. Kazi hiyo ikiahirishwa kwa miaka kumi, hatapatikana wa kujibu.