Mwenye Kalibu Ndiye Mwenye Kiwanda

Kila tunapozindua kiwanda tunahesabu mashine na ajira. Hatuulizi kalibu imetoka wapi. Mashine ya plastiki bila kalibu haitoi hata kizibo cha chupa. Anayetuchongea kalibu ng'ambo ndiye anayeamua umbo, bei na siku ya kuanza kazi.

Wapo wanaosema ufundi huo umetuzidi. Nawakatalia. Ndani ya faili moja ya kompyuta, mwanafunzi huchora bidhaa kama umbo mango, kisha bonge la chuma kama umbo la pili, na kuondoa la kwanza katika la pili ili libaki shimo lenye sura ya bidhaa. Pembe kali isiyofikiwa na kisu cha mviringo huinakili kuwa umbo la tatu, akalipunguza kidogo kuachia nafasi ya cheche: hiyo ndiyo elektrodi. Ikishachongwa kwa shaba, cheche za umeme huichimba pembe ile katika chuma. Bidhaa ikibadilishwa, maumbo yote hufuata.

Hapa Iyunga, penye chuo kikuu kilichoanza 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, somo hilo si muujiza. Lahitaji kompyuta, mashine ya cheche, na mtihani unaopimwa kwa kalibu iliyotoa bidhaa, si kwa kurasa zilizokaririwa. Sheria tulikwisha kuzitunga: ya SIDO mwaka 1973, ya TEMDO mwaka 1980. Serikali inayotangaza viwanda bila kugharimia karakana za kalibu inajenga soko la wengine.